Kabla ya Kununua Godoro: Jinsi Mtoto Mwenye Mahitaji Maalumu Anavyopata Shule

(Hotuba kwa wazazi, watendaji wa vijiji na mitaa, na walimu wakuu, Dodoma)

Mbukwenyi!

Waheshimiwa madiwani, maafisa elimu kata, watendaji, walimu wakuu, na hasa ninyi wazazi na walezi mliokuja na watoto: asanteni kwa kuitika wito. Nimeombwa nieleze jinsi mtoto mwenye mahitaji maalumu anavyopata nafasi katika shule inayomfaa. Nitaingia kwenye jambo lenyewe, maana wapo waliotoka mbali na magari ya kurudi huko hayamsubiri mtu.

Kila Januari shule maalumu zenye mabweni hupata mgeni wa aina ileile. Mzazi amefika getini na mtoto, godoro jipya limefungwa kwa kamba, ndoo mkononi, tranka kichwani, na barua ya mtendaji isemayo: "Mtoto huyu ni mlemavu, naomba apokelewe." Mwalimu mkuu anaisoma barua, anafikiria vitanda vyake vilivyopangiwa watu tangu Desemba, na hana cha kufanya. Mzazi anarudi nyumbani akiwa na hakika kwamba amenyimwa haki. Hakunyimwa, ila safari yake aliianzia mwisho. Mwalimu mkuu hana uwezo wa kumpokea mtoto kwa sababu tu amefikishwa. Nafasi inaanzia kwenye upimaji, inapitia kwa Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri, ndipo inamfikia mwalimu mkuu. Godoro ni la mwisho kununuliwa.

Kabla ya njia yenyewe, tuelewane kuhusu shule. Mkoa huu ndiko elimu ya watoto wenye ulemavu ilikoanzia nchini, pale Kanisa la Anglikana lilipofungua shule ya wasioona ya Buigiri, Chamwino, mwaka 1950. Tabora ikafuata miaka ya sitini kwa wasioona na kwa viziwi. Jirani zetu wa Singida wana Ikungi Mchanganyiko. Hizi ndizo watu wengi huzifikiria wanaposikia "shule maalumu": bweni, walimu waliosomea kazi hiyo, vifaa vyake. Lakini watoto wengi zaidi husoma kwenye vitengo, yaani darasa au madarasa ya watoto wenye mahitaji maalumu ndani ya shule ya msingi ya kawaida, wengi wao wakienda na kurudi kila siku. Halafu ipo njia ya tatu, mtoto kukaa darasa moja na wenzake wa kijijini huku mwalimu akimrekebishia mambo machache.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inaanzia kwenye hiyo ya tatu. Inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, isipokuwa pale mahitaji maalumu ya mawasiliano yanapodai vinginevyo. Nawaomba wazazi mlishike hilo, kwa sababu wengi mmekuja na swali moja tu, "bweni liko wapi?", na kwa watoto kadhaa niliowaona hapa asubuhi jibu sahihi ni shule iliyo umbali wa kilomita moja na nusu kutoka nyumbani kwao.

Chukueni mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye miguu haimbebi lakini akili yake iko timamu na anaongea. Kinachomzuia asisome kijijini si mtaala. Ni ngazi mbili za mlango wa darasa na choo kisichoingilika. Njia ya mteremko hujengwa kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kimo inahitaji sentimita kumi na mbili za urefu. Sakafu ya darasa ikiwa juu kwa sentimita 20, mteremko uwe na urefu wa mita 2.4. Mafundi wetu hupenda kuufupisha ili kuokoa saruji, matokeo yake kiti cha magurudumu kinarudi nyuma na mtoto anaanguka kisogo. Baada ya siku mbili hakuna anayeutumia tena. Mlango wa choo uwe na upana wa sentimita 90, ufungukie nje, na ndani kuwe na bomba la kushikia. Tofali na mchanga viko kijijini. Kamati ya shule ikikaa jioni moja na fundi, mtoto huyo hana haja ya kulala bwenini mbali na mama yake akiwa na miaka saba.

Kwa mtoto kiziwi hali ni tofauti kabisa, na hapo sitamwambia mzazi asubiri. Kiziwi asiyesikia hata kwa kifaa anahitaji Lugha ya Alama, na lugha haifundishwi na mwalimu mmoja aliyehudhuria semina ya siku tatu. Inatoka kwa watoto wenzake wanaoitumia wakicheza, wakigombana na wakila. Akikaa nyumbani hadi miaka kumi akiwa na ishara za kuombea maji na ugali tu, kuna mambo ya lugha hatayafidia kirahisi. Yeye ndiye mtoto ambaye sheria inamfikiria inapotaja mahitaji maalumu ya mawasiliano. Apelekwe mapema kwenye shule au kitengo cha viziwi, hata kama ni mbali.

Sasa upimaji. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo mambo mengi huharibika.

Upimaji halisi hufanywa na timu: mwalimu wa elimu maalumu, mtaalamu wa afya, na afisa ustawi wa jamii, kwenye kituo cha upimaji au siku ambayo timu imefika kwenye kata. Ila kuna mambo mzazi na mwalimu wa awali wanaweza kuyaona wao wenyewe, na wakiyaleta timu inafanya kazi kwa haraka.

Macho. Mwalimu, chora herufi E za ukubwa mbalimbali kama zilivyo kwenye chati ya zahanati, au azima chati yenyewe. Pima mita 6 kwa utepe. Usihesabu hatua, kwa sababu hatua za mtu mrefu humfelisha mtoto asiye na tatizo. Mtoto asimame kivulini, chati iwe kwenye mwanga. Afunike jicho moja kwa kiganja. Akifunika kwa vidole atachungulia katikati, wote hufanya hivyo. Aoneshe kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi. Hahitaji kujua kusoma. Mkisikia daktari akisema 6/18, maana yake mtoto anakiona akiwa mita 6 kitu ambacho jicho zima hukiona likiwa mita 18. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mtoto ambaye jicho lake zuri zaidi, hata kwa miwani, liko chini ya 6/18 hadi 3/60 ana uoni hafifu. Chini ya 3/60 anahesabiwa asiyeona. Asiyeweza kuhesabu vidole kwa mita 3 mchana kweupe yuko huko.

Mpaka huo unabadilisha shule yote ya mtoto. Mwenye uoni hafifu anapaswa kusoma maandishi ya wino yaliyokuzwa, akae mbele, apewe lenzi. Asiyeona anapaswa kuanza nukta nundu, yaani maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole, mashine yake, fimbo nyeupe. Wanapochanganywa, mwenye uoni hafifu hufundishwa nukta nundu, naye huisoma kwa macho, shingo imepinda juu ya karatasi, hadi darasa la saba. Hili limewapata sana watoto wenye ualbino. Wengi wao wanaona, ila kwa uhafifu, na mwanga mkali huwaumiza. Walipelekwa shule za wasioona kwa wingi kwa ajili ya usalama wao katika miaka ile ya mauaji, na sababu ilikuwa ya kweli. Lakini usalama ni suala moja na namna ya kusoma ni suala jingine. Ripoti iyaandike yote mawili. Mtoto mwenye ualbino popote aendapo awe na kofia pana, mikono mirefu, na mafuta ya kuzuia jua. Yapo yanayotengenezwa hapa nchini, KCMC Moshi, yanaitwa Kilisun. Kiti chake kiwe mbele, lakini si kando ya dirisha. Walimu hulisahau hili la dirisha kila mwaka.

Na kabla ya kumwita mtoto asiyeona, apelekwe hospitali. Mtoto wa jicho kwa mtoto mdogo hufanyiwa upasuaji, na kila mwaka unaopita bila upasuaji, ubongo unazidi kulisahau jicho hilo. Mboni ikionekana nyeupe, msikimbilie shule wala mganga. Mvumi wana huduma ya macho ya siku nyingi, na hospitali ya rufaa ya mkoa iko hapa mjini. Wa Kongwa hamhitaji kuelezwa kuhusu vikope, wilaya yenu imefanyiwa utafiti wa ugonjwa huo kwa miongo mingi. Uso wa mtoto unawe kila siku, na mwenye kope zinazochoma jicho apelekwe akatibiwe.

Masikio. Usimpime mtoto kwa kupiga makofi nyuma yake. Atahisi upepo, au ataona kivuli chako, atageuka, na utasema anasikia. Simama nyuma yake umbali wa mkono mmoja ulionyooshwa, ziba mdomo kwa karatasi, nong'ona majina ya vitu anavyovijua: mbuzi, kikombe, mama. Arudie au aoneshe kwa kidole. Fanya sikio moja moja, jingine ukilisugua polepole kwa kidole ili lisisaidie. Mnong'ono ni kama desibeli 30. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Mtoto asiyesikia mnong'ono lakini anasikia ukiongea karibu naye, huenda akatosheka na kifaa cha kusaidia kusikia na kiti cha mbele. Asiyesikia hata ukiita kwa nguvu, tunarudi kwenye Lugha ya Alama.

Watoto wengi wanaoletwa kama viziwi wana sikio linalotoa usaha. Likitoka usaha kwa zaidi ya wiki mbili ni ugonjwa sugu wa sikio na unatibika, japo polepole: kukausha kwa kitambaa laini kilichosokotwa, mara tatu kwa siku, na dawa ya matone kutoka kituo cha afya. Mafuta ya kupikia, mafuta ya taa, maziwa ya mama, majani yaliyotwangwa, vyote hivyo visiingie sikioni. Atibiwe kwanza, kisha apimwe. Akipimwa na usaha ndani, ripoti itasema kiziwi, na karatasi ikishasema hivyo ni kazi kuibadilisha.

Akipewa kifaa cha kusikia, jueni kwamba kile kipande kinachoingia sikioni kinachongwa kwa umbo la sikio, na sikio la mtoto linakua. Kikilegea kinapiga mluzi, wenzake wanacheka, mtoto anakivua. Ukikuta kifaa kiko kabatini, ulizia vitu viwili: kipande kimekuwa kidogo, au betri zimekwisha. Karibu kila mara ni kimojawapo.

Akili na kujifunza. Hapa naomba tuwe waangalifu kuliko kote, na nitasema kanuni ambayo sitaki kuilegeza. Mtoto asiandikwe ulemavu wa akili kabla macho na masikio hayajapimwa. Aliyechelewa kusema apimwe masikio kwanza. Na apimwe kwa lugha ya nyumbani. Tunaishi mkoa ambao mtoto wa miaka sita anaweza kuwa anajua Kigogo peke yake, na kule Chemba na Kondoa Kisandawe au Kirangi. Ukimwuliza kwa Kiswahili, "Nioneshe pembetatu," akanyamaza, umepima Kiswahili chake. Mleteni shangazi au kaka anayeweza kutafsiri, na mtoto apewe kazi za mikono: kupanga vijiti kwa urefu, kufunga vifungo, kutenga maharage na mahindi, kueleza ni mbuzi yupi wa nani. Mtoto anayejua mbuzi wa kila mmoja zizini kwao ana kumbukumbu nzuri, hata kama hajawahi kushika penseli.

Kwa anayethibitika kuwa na ulemavu wa akili, au usonji, swali la shule linahusu zaidi kujitegemea: anakula mwenyewe, anasema haja, anavaa, anajua hatari ya moto na barabara? Wapo wakuu wa shule wanaowakataa kwa sababu hawajitambui chooni. Nawaambia walimu wakuu waliopo hapa, kujifunza choo ni sehemu ya somo katika kitengo, wala si mtihani wa kuingilia. Upande wa pili, mzazi asifiche. Akisema mtoto anajiweza na sivyo, matroni wa bweni atagundua usiku wa kwanza, na mwenye kuumia ni mtoto.

Kifafa kiandikwe kwa wino mzito. Jina la dawa, kipimo, saa ya kumeza, na kliniki anakoichukua. Dawa ya kifafa ikikatishwa ghafla kwa sababu mtoto amehamia bwenini na hakuna aliyejua, anaweza kupata degedege lisilokoma. Apelekwe na dawa za mwezi mzima na barua ya rufaa kwa zahanati iliyo karibu na shule.

Sasa karatasi. Ripoti mbovu nazijua kwa mstari mmoja: "Mtoto ana ulemavu wa macho, apelekwe shule maalumu." Afisa wa halmashauri nyingine akiipokea hajui ampangie nini. Ripoti inayofanya kazi inasomeka hivi: "Jicho la kulia 6/60, la kushoto anahesabu vidole mita 2; miwani haikubadilisha. Anatambua herufi za saizi 24 akizishika sentimita 10 kutoka usoni. Anatembea peke yake mahali anapopajua, gizani hushikwa mkono. Masikio mazima. Nyumbani Kigogo, Kiswahili kidogo. Miaka 7, hajawahi kuandikishwa. Anapendekezwa: shule yenye mwalimu wa uoni hafifu, maandishi makubwa, lenzi, nukta nundu isianzishwe kwa sasa, macho yapimwe tena baada ya mwaka mmoja." Tarehe, majina ya waliopima, saini, muhuri. Mzazi, usiondoke na karatasi isiyo na muhuri, na usitoe nakala yako pekee kwa mtu yeyote. Iende nakala, ripoti yenyewe ikae nyumbani kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki.

Majina ndiyo yanayowatesa wengi. Kadi ya kliniki ina jina la ubatizo, cheti cha kuzaliwa kina la babu, daftari la shule lina lile analoitwa mtaani. Chagueni jina moja kabla ya upimaji na lifuatwe kila mahali. Asiye na cheti aanze sasa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, kwa aliye chini ya miaka mitano usajili hufanyika kliniki na ofisi ya kata. Lakini kukosa cheti kusimzuie mtoto kupimwa wala kuandikishwa. Vifuatane.

Ripoti ikishapatikana, njia yake ni hii. Mwalimu mkuu wa shule ya karibu na Afisa Elimu Kata wanaiwasilisha kwa Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri. Mkoa una halmashauri nane, na kila moja ina wake. Yeye ndiye anayejua kitengo kipi kina nafasi na shule ipi inapokea aina ipi. Nafasi ikiwa ndani ya halmashauri, anamalizana na mwalimu mkuu anayepokea. Ikiwa nje, halmashauri huiandikia halmashauri, na nje ya mkoa barua hupitia ofisi ya mkoa. Mwisho wa yote mzazi anapata fomu ya kujiunga. Hiyo ndiyo karatasi ya kwendea dukani kununulia godoro, kwa sababu inataja ukubwa wa godoro, rangi ya sare, idadi ya mashuka, na tarehe ya kuripoti.

Huku mkisubiri, mwandikisheni mtoto shule ya jirani. Najua wengi mnasema, "Nitamwandikishaje huku wakati namtafutia kule?" Akiandikishwa anaingia kwenye mfumo na kupata namba ya PReM, yaani namba yake kwenye mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa shule za msingi, na nafasi ikipatikana anahamishwa kwa namba hiyo. Asiyeandikishwa popote haonekani kwenye hesabu ya mtu yeyote, na asiyehesabiwa hapangiwi kitanda wala mwalimu. Pia anapata kuzoea kukaa na watoto wengine, kufuata kengele, kushika chakula chake.

Kuhusu muda, hesabuni kurudi nyuma. Muhula unaanza Januari. Darasa la saba wanafanya mtihani Septemba na kuacha vitanda wazi, kwa hiyo nafasi za mwaka unaofuata hupangwa kati ya hapo na Desemba. Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza kwa kawaida hufunguliwa Oktoba. Basi upimaji ufanyike kati ya Juni na Septemba, mavuno yakiwa yameingia, barabara zikiwa kavu, na nyumbani kuna chochote cha nauli. Anayeanza Novemba mvua zikiwa karibu huwa ameshachelewa mwaka mzima, ingawa hakuna atakayemwambia hivyo.

Ombi likikaa kimya wiki nne, nenda kaulize, na uliza kwa tarehe: "Barua yangu ilipelekwa lini, na kwa nani?" Faili nyingi hulala kwa sababu ndogo ndogo. Afisa amehamishwa na hakukabidhi orodha. Namba ya simu ya mzazi imezimwa. Nafasi ilipatikana, akapigiwa mara tatu, ikapewa mwingine. Andikeni namba mbili, ya pili ya jirani au mchungaji au imamu. Na wapo wazazi ambao nafasi ikija wanasita, bibi amekataa, au mtoto kiziwi ndiye anayechunga ng'ombe vizuri kuliko wote. Mtendaji, huyo umfuate nyumbani mwenyewe, pamoja na afisa ustawi wa jamii. Barua haitamshawishi bibi.

Kuhusu fedha nitasema kifupi. Shule za serikali hazina ada tangu mwaka 2016. Mzazi anabeba sare, vifaa vya kulalia, sabuni na nauli. Anayekuomba "ya soda" ili jina lipande kwenye orodha anakuibia. TAKUKURU wanapatikana kwa 113 bila malipo. Ukisikia mtoto amefungiwa ndani, namba ni 116.

Siku ya kumpeleka. Nendeni asubuhi, ili aione shule kwa mwanga na mlale mkiwa mmeshaelewana na matroni. Mtoto asiyeona atembezwe kwa miguu yake kutoka kitandani hadi chooni, hadi bombani, hadi bwaloni, mara kadhaa siku hiyohiyo, mkono wake ukigusa ukuta. Kwa mtoto kiziwi ambaye bado hana lugha, kosa kubwa ni kumtoroka akiwa anacheza. Huwezi kumweleza kwamba utarudi, na kwa akili yake umemtupa. Ndio hao wanaokutwa barabarani usiku wakitafuta nyumbani. Mpe kitu cha nyumbani anachokijua, muage mbele ya macho yake hata kama atalia, na mwachie matroni picha yako. Rudi mapema kumwona, usisubiri Juni. Ukirudi, mwombe mwalimu akufundishe alama kumi. Akija likizo nyumba nzima haijui hata alama ya "kula", atakaa likizo yote kama mgeni, na wengine hukataa kurudi kwao kabisa.

Nalo la likizo lazima lisemwe, maana lipo na linaudhi. Shule zinafungwa, watoto wote wanachukuliwa, wanabaki wachache ambao simu za kwao hazipatikani. Serikali imempa mtoto nafasi ya kusoma, haijachukua nafasi ya ukoo wake. Kabla ya kumwacha, mzazi na mtendaji waandike jina la mtu atakayemfuata likizo, na nauli itatoka wapi. Vijiji vingine huiingiza kwenye bajeti ya kijiji, na ni utaratibu mzuri.

Walimu wakuu, upangaji haujakamilika mtoto akishakalia dawati. Kila mwaka ripoti ifunguliwe: je, bado yuko mahali pake? Mwenye uoni hafifu anaweza kupoteza uoni na kuhitaji nukta nundu. Wa kitengo anaweza kuhamia darasa la kawaida kwa hesabu tu, akarudi kwa masomo mengine. Na mnaposajili watahiniwa, aina ya mahitaji ijazwe. Baraza la Mitihani huandaa karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa, na huongeza muda: dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati, dakika 10 kwa kila saa ya masomo mengine. Usipojaza, mtoto atakabidhiwa karatasi ya kawaida siku ya mtihani na hakuna wa kumsaidia saa hiyo. Matokeo ya darasa la saba ndiyo yanayompangia sekondari yenye walimu wake, kama Mpwapwa kwa wasioona, na kule upangaji hufanywa na TAMISEMI. Msimamizi wa usajili aliyeruka kisanduku kimoja anaweza kumpeleka mtoto asiyeona kwenye sekondari ya kata isiyo na hata mashine moja ya nukta nundu.

Mmeniuliza pale nje kuhusu waliopitiliza umri, wa miaka kumi na mbili au kumi na nne ambao hawajawahi kusoma. Wapimwe vilevile. Wengine huingia kwa MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, wengine kitengo kwa miaka michache, na wenye umri wa kujifunza kazi wana chuo cha ufundi cha watu wenye ulemavu cha Sabasaba, Singida. Msiwapunguzie umri kwenye fomu. Kijana wa miaka kumi na minne akilazwa bweni la watoto wa miaka saba, tatizo litakuja na litakuwa la wote.

Sasa meza ziko tatu. Wenye watoto wanaotoa usaha masikioni waanze kwa muuguzi, kwa sababu anaondoka saa tisa. Macho ni chini ya mwembe, chati imeshatundikwa. Wengine wote kaeni upande wa kushoto na kadi za kliniki mkononi, na kama mtoto haongei Kiswahili mseme mapema, tumtafutie mtu.